Tumesaini mkataba wa nyumba Texas na sasa tunataka kujitoa. Arbuni yetu itarudi?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Mimi ni muuguzi, mume wangu ni dereva wa malori, tunaishi Dallas. Jumanne hii mkataba wetu wa kununua nyumba kule Garland ulikamilika kwa saini za pande zote. Nyumba ni ya mwaka 1974, bei dola 340,000, mkopo ni wa FHA (ule unaowekewa bima na serikali ya shirikisho), arbuni dola 3,400, na ada ya opsheni, yaani ya haki ya kujitoa, dola 200 kwa siku 7. Jana mkaguzi ametuambia msingi umezama upande wa nyuma, na mabomba ya maji machafu chini ya sakafu ni ya chuma cha zamani. Muuzaji anasema tusiwe na wasiwasi, atatengeneza kabla hatujahamia. Wakala wetu anasema siku 7 ni siku za kazi, kwa hiyo tuna hadi Alhamisi ijayo, na hata opsheni ikipita tutatokea kwenye kipengele cha mkopo. Mume wangu naye amepata lori lake na anataka kuacha ajira mwezi ujao, sijui kama hilo linatusaidia au linatuharibia. Shemeji yangu wa Nakuru ndiye amenikosesha usingizi: anasema aliyelipa arbuni akijitoa, hela imekwenda. Nani yuko sahihi?

JIBU: Dada, jibu fupi nilikutumia usiku ule ule, maana saa yako ilikuwa inakwenda. Hili refu ni kwa ajili yako na kwa wengi wanaoniuliza jambo hili hili kila msimu wa kununua nyumba ukifika. Nianze kwa kusema mimi ni wakala mwenye leseni ya Texas, si wakili, na sheria ya hapa hainiruhusu kutoa ushauri wa kisheria. Ninachofanya ni kusoma pamoja nawe karatasi uliyokwisha kusaini. Bahati nzuri karatasi yenyewe ni fomu ya TREC, tume ya jimbo inayosimamia biashara ya nyumba na ardhi, na mawakala wote tunaitumia. Maneno yake ni yale yale Garland, Houston au El Paso. Kinachotofautiana ni nafasi zilizojazwa kwa kalamu na viambatisho vilivyoongezwa nyuma.

Kati ya hao watatu, shemeji anazungumzia nchi nyingine, muuzaji anakupa neno la mdomo, na wakala wenu amekosea kuhusu siku. Kosa la wakala ndilo la hatari zaidi kwa sababu linafanana sana na ukweli.

Opsheni yenu inaisha Jumanne, saa 11 jioni, kwa saa za Garland. Siku katika mkataba huu ni siku za kalenda. Siku mkataba ulipoanza kuhesabiwa haimo, hivyo Jumatano ni ya kwanza, Alhamisi ya pili, Jumamosi na Jumapili zimo ndani kama siku nyingine yoyote, na ya saba ni Jumanne. Nadhani najua mkanganyiko ulikotoka. Kipengele cha 5 kinasema arbuni na ada ya opsheni zifike kwa kampuni ya hatimiliki, ile inayoshika fedha na kusimamia mauzo, ndani ya siku 3, na siku ya mwisho ya kulipa ikiangukia wikiendi au sikukuu, inasogezwa hadi siku ya kazi inayofuata. Huruma hiyo ni ya kulipa tu. Muda wa kujitoa hausogezwi na wikiendi, wala Krismasi, wala Idd. Kipengele hicho hicho kinasema wazi kwamba muda hapa unafuatwa kwa ukali: saa 11 na dakika 5 umechelewa kama aliyechelewa wiki nzima.

Kabla ya lolote, tafuta risiti ya dola 200. Haki ya kujitoa bila sababu inanunuliwa, na ada hiyo ndiyo bei yake. Ikiwa nafasi ya ada iliachwa wazi kwenye mkataba, au hela haikufika kwa wakati, haki hiyo haipo hata kama siku 7 zimeandikwa kwa herufi kubwa. Kuna watu hutuma fedha pungufu wakidhani wamelipa nusu nusu. Mkataba unasema fedha iliyofika inajaza kwanza ada ya opsheni, kisha arbuni, na hilo limewaokoa baadhi yao. Usilitegemee. Ipigie simu kampuni ya hatimiliki, waombe risiti yenye tarehe, uitunze.

Risiti ikiwa sawa, basi hadi Jumanne jioni una mlango usiohitaji ufunguo. Huhitaji ripoti ya mkaguzi, huhitaji barua ya benki, huhitaji hata msingi uliozama. Ungeweza kujitoa kwa sababu hukupenda harufu ya jikoni. Unapoteza dola 200 na ulichomlipa mkaguzi, na arbuni yote ya dola 3,400 inarudi. Kwa sababu hii, ukiamua kutoka, usieleze sababu. Watu wetu tumelelewa kwa adabu, tukikataa jambo tunataka mwenzetu aelewe, tunaandika aya tatu za kuomba radhi. Hapa aya hizo zinaweza kukugharimu, maana ukieleza sababu unampa mtu nafasi ya kubishana nayo. TREC ina fomu ya taarifa ya mnunuzi kujitoa. Inawekwa alama kwenye kisanduku cha opsheni, inasainiwa, inatumwa. Basi.

Inatumwaje? Kipengele cha 21 kina anwani na barua pepe za kila upande, na taarifa inafanya kazi pale inapotumwa kwa maandishi kwenye anwani hizo hizo. Kumwambia wakala wako kwa simu kwamba "tumeghairi" si kujitoa. Ujumbe wa WhatsApp kwa wakala wa muuzaji usiutegemee hata akikujibu kwa dole gumba. Hakikisha mume wako naye amesaini, kwa kuwa jina lake limo kwenye mkataba, na hapa ndipo familia za madereva hukwama: mmoja yuko Garland na mwingine yuko Wyoming akitafuta mtandao kwenye kituo cha mafuta. Saa inayohesabiwa ni ya mahali nyumba ilipo, si ya alipo dereva. Mkiamua, saini zenu ziwe zimekwisha Jumatatu usiku na taarifa iende Jumanne asubuhi, kisha wakala wako akutumie nakala ya barua pepe iliyoondoka, yenye saa yake.

Sasa ahadi ya muuzaji. Huenda ni mkweli kabisa. Lakini mkataba wenu unasema mnaichukua nyumba kama ilivyo, isipokuwa kwa matengenezo yaliyoandikwa, na neno la "atatengeneza" halijaandikwa popote. Kila siku mnayoipitisha mkijadiliana kwa mdomo inakatwa kwenye siku zenu 7, si kwenye zake. Hivi ndivyo wanunuzi wengi wanavyopoteza arbuni Texas: wanakuwa na haki mkononi, wanaiacha iishe kwa sababu mazungumzo yanaenda vizuri.

Ikiwa bado mnaipenda nyumba, njia ni kuongeza muda. Kuna fomu ya marekebisho ya mkataba. Mnaandika siku za ziada za opsheni na ada ya ziada, na pande zote mbili zinasaini kabla ya Jumanne saa 11 jioni. Muuzaji akisema amekubali lakini saini yake haijarudi hadi saa 10, hajakubali. Tumeni taarifa ya kujitoa. Mauzo yaliyovunjwa yanaweza kufufuliwa kesho yake kwa makubaliano mapya, lakini opsheni iliyokufa haifufuki bila muuzaji kutaka.

Na msiogope kwamba mnaomba kama maskini. Mkishampa muuzaji ripoti ya mkaguzi, yeye sasa anajua kasoro hiyo, na sheria ya mali ya Texas, kifungu cha 5.008, inamtaka amweleze mnunuzi anayefuata kasoro anazozijua. Nyumba yake ya leo si nyumba ya juzi. Hiyo ndiyo nguvu yenu ya kujadiliana, na wauzaji wenye mawakala wazuri wanaielewa haraka.

Mwombe nini? Hapa nina msimamo wangu, na wakala mwingine anaweza kukuambia tofauti. Msimwombe atengeneze. Mtu anayehama hana sababu ya kutafuta fundi bora. Atatafuta wa bei nafuu anayemaliza kabla ya siku ya kukabidhiana. Ombeni bei ishuke au achangie gharama zenu za kufunga mauzo, yaani za kukamilisha malipo na hati, kisha kazi msimamie wenyewe. Tatizo ni kwamba mkopo wa FHA unaweza kudai nyumba itengenezwe kabla ya fedha kutoka, na hapo hamna hiari. Muulizeni mkopeshaji Jumatatu asubuhi, kabla hamjaandika ombi lolote.

Kuhusu msingi wenyewe, udongo wa maeneo ya Dallas ni wa mfinyanzi unaovimba ukinyeshewa na kusinyaa wakati wa kiangazi. Nyumba nyingi zimekaa juu ya bamba la zege lililomwagwa juu ya udongo huo, kwa hiyo msingi uliosogea kidogo si ajabu hapa, na si kila ufa ni msiba. Anayeweza kuwaambia tofauti ni mhandisi wa majengo asiyeuza matengenezo. Kampuni za kutengeneza misingi zitakuja kupima bure, na zitakuta mnahitaji nguzo, kwa kuwa nguzo ndizo wanazouza. Mlipeni mhandisi. Na maadam mabomba ni ya chuma, ombeni pia kipimo cha kujaza maji kwenye mabomba ya chini ya sakafu ili kuona kama yanavuja. Fanyeni hivyo kabla ya yeyote kuinua bamba, kwa sababu bamba likiinuliwa, mabomba yaliyochoka yanaweza kukatika. Mkipewa bei ya msingi peke yake bila mabomba, mmepewa nusu ya bei. Muombeni na wakala wa bima awape bei ya bima ya nyumba hiyo sasa hivi. Maeneo yenu hupigwa na mvua ya mawe, na paa kuukuu pamoja na msingi wenye historia vinaweza kuwafanya kampuni za bima zipandishe bei au zikatae kabisa. Haya yote ni kazi ya siku za opsheni. Ndiyo maana nasema 7 ni chache kwa nyumba ya 1974; mngeomba 10 tangu mwanzo.

Sasa tuseme Jumanne imepita. Wakala wenu anasema kipengele cha mkopo kitawatoa. Kinaweza, ila kina masharti, na ndani yake mna milango miwili ambayo watu huichanganya.

Mlango wa kwanza unawahusu nyinyi wenyewe: kipato, madeni, historia ya mikopo. Kiambatisho cha mkopo kina nafasi ya kujaza idadi ya siku. Ndani ya siku hizo, mkopeshaji akishindwa kuwaidhinisha, mnatoa taarifa ya maandishi, mkataba unavunjika, arbuni inarudi. Siku zikipita bila taarifa yenu, mkataba haujafungwa tena na idhini ya mkopo. Hata benki ikiwakataa baadaye, mbele ya muuzaji bado mnadaiwa kununua. Angalieni mmejaza siku ngapi. Mtindo wa kuandika siku chache ili ofa yenu ipendeze kuliko za wengine upo, na nauelewa, lakini mkopo wa FHA una makaratasi mengi na siku hupita upesi. Barua ya benki ya kukataa mkopo iombeni kwa maandishi, hata kama aliyewakatalia amewaambia vizuri kwa simu.

Hapo ndipo linapoingia lori la mume wako. Dereva aliyeajiriwa akigeuka mwenye lori lake, mkopeshaji anamwona mtu mwingine. Kwa aliyejiajiri, kwa kawaida wanataka kuona kipato cha miaka 2 kwenye fomu za kodi. Akiacha ajira mwezi ujao kabla hamjafunga mauzo, kuna uwezekano mkubwa idhini ikaondolewa, na ikiwa siku za mlango wa kwanza zimeshapita, arbuni iko hatarini. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba linawaharibia. Najua pia wazo lingine linalopita kichwani mwa mtu akifika hapa, maana limewahi kuletwa kwangu waziwazi: si tumwache aache kazi sasa hivi, benki ikatae, tutoke na arbuni yetu? Kiambatisho kinawataka mfanye kila juhudi ya maana kuupata mkopo. Aliyejiangusha makusudi anampa wakili wa muuzaji kesi nzuri. Na kinyume chake, kumficha mkopeshaji mabadiliko ya kazi ili mauzo yafungwe, ni mbaya zaidi: kumdanganya mkopeshaji kwenye maombi ya mkopo ni kosa la jinai la shirikisho, na kwa mtu anayesubiri kadi ya kijani au uraia, hilo si jambo la kuchezea. Mwache lori lisubiri hadi ufunguo uko mkononi na mkopo umekwisha kutoka, au mwahirishe nyumba. Mjadala huo ni wenu wawili nyumbani.

Mlango wa pili wa mkopo unahusu nyumba, si nyinyi. Mkopeshaji akisema nyumba haikidhi masharti yake, iwe ni thamani, bima au matengenezo anayoyadai, mnaweza kujitoa hadi siku 3 kabla ya tarehe ya kufunga mauzo. Hapa taarifa peke yake haitoshi: lazima iambatane na nakala ya maandishi ya mkopeshaji yanayoeleza sababu. Kwa nyumba yenye msingi uliozama mlango huu ni wa kweli, kwa sababu mthamini wa FHA haangalii bei tu, anaangalia pia usalama na uimara wa jengo. Mkataba wenyewe, kipengele cha 7, unaongeza kwamba matengenezo yanayodaiwa na mkopeshaji yakizidi asilimia 5 ya bei, mnunuzi anaweza kujitoa na arbuni yake ikarudi. Kwenu hiyo ni dola 17,000, na msingi pamoja na mabomba vinaweza kufika huko. Lakini msiupange mlango huu kama mpango mkuu. Mthamini anaweza kuja siku ya jua, asione ufa uliofichwa na kabati, akaipitisha nyumba. Hapo mtakuwa mmebaki na ripoti ya mkaguzi wenu inayosema kweli na mkataba usiojali.

Kwa kuwa mkopo wenu ni wa FHA mna kinga moja ambayo wenye mikopo ya kawaida hawana moja kwa moja. Kiambatisho cha mkopo kina kifungu kinachosema hamlazimiki kununua wala kupoteza arbuni iwapo thamani iliyopimwa iko chini ya bei iliyoandikwa kwenye kifungu hicho. Wenye mikopo ya VA, ile ya wanajeshi na maveterani, wana kinga kama hiyo. Wasomaji wenye mikopo ya kawaida, hasa mliojitahidi mkaweka asilimia 20 au 30, nisikilizeni hapa: thamani ikitoka chini kidogo, benki yenu inaweza isijali, kwa sababu fedha yenu inamkinga. Benki isipokataa, mlango wa pili haufunguki, na mtalipa bei kamili ya nyumba ambayo mthamini ameiona ni pungufu. Kiambatisho cha thamani ya mkopeshaji kipo kwa ajili hiyo, lakini kina visanduku vitatu, na viwili vyake vinapunguza haki yenu badala ya kuiongeza. Msisaini bila kusoma ni kipi kimewekwa alama.

Kuna milango midogo pia. Kama kulikuwa na fomu ya muuzaji ya kueleza hali ya nyumba na hamjaipokea, inaweza kuwapa haki ya kujitoa. Kama nyumba iko chini ya chama cha wamiliki wa nyumba, taarifa za chama nazo zina siku zake chache. Hati ikionyesha deni au haki ya mtu mwingine juu ya kiwanja, kipengele cha 6 kina utaratibu wa kupinga. Nyumba ikiungua kabla ya kufunga mauzo na muuzaji akashindwa kuirudisha, kipengele cha 14 kinawatoa. Nao mmoja unawahusu nyinyi moja kwa moja kwa sababu nyumba imejengwa kabla ya 1978: kiambatisho cha rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu. Isipokuwa kama mmeweka alama ya kuacha haki hiyo, mna siku 10 za kupima, na risasi ikionekana mnaweza kujitoa ndani ya siku 14 tangu mkataba kuanza. Wengi huiweka alama ya kuacha bila hata kujua. Nenda kaangalie yako. Kama una mtoto mdogo anayetambaa, ningeuangalia mlango huu hata kama msingi ungekuwa mzima.

Turudi kwa shemeji wa Nakuru, maana kakukosesha usingizi bure. Kwao mnunuzi kwa kawaida huweka asilimia 10, na mkataba wa mawakili ndio unaosema nini kinaifanya irudi. Kwenye ardhi ya kilimo, sheria yenyewe inataka ridhaa ya bodi ya udhibiti wa ardhi. Bila ridhaa hiyo mauzo ni batili na fedha inaweza kudaiwa irudishwe kama deni. Kwa hiyo hata huko si kweli kwamba hela ikitoka imetoka. Lakini hakuna kitu cha jumla kinachofanana na opsheni ya Texas, na ndiyo maana hakiamini. Mwambie tu kwamba hapa umenunua haki ya kughairi kwa dola 200.

Walioko majimbo mengine wasinakili siku zangu. California, kwa mfano, inakwenda kinyume: kwenye fomu inayotumika sana kule, mnunuzi anaondoa masharti yake kwa kusaini, na akinyamaza masharti hubaki; muuzaji akitaka kuvunja mkataba kwa hilo, lazima kwanza amtumie notisi ya kumtaka atimize. Texas ukinyamaza haki imekwisha. Kimya kile kile, matokeo tofauti kabisa, na nimeona binamu wawili wa majimbo hayo wakipeana ushauri kwa moyo safi na kukosea wote.

Mkijitoa, arbuni hairudi yenyewe. Kampuni ya hatimiliki inataka fomu ya kuachia fedha iliyosainiwa na pande zote. Wauzaji wengi husaini. Wako akigoma, kipengele cha 18 kinawaruhusu mwandikie kampuni kuidai peke yenu: itampelekea muuzaji nakala, na asipopinga kwa maandishi ndani ya siku 15, kampuni inaweza kuwalipa. Akipinga, sasa mnahitaji wakili, lakini kipengele hicho hicho kinamtia hatarini anayekataa kusaini bila haki, pamoja na gharama za wakili wenu. Kumbuka kumtajia hilo kwa upole mapema. Kwa mnunuzi anayevunja mkataba nje ya milango yote, kipengele cha 15 kinampa muuzaji hiari ya kuchukua arbuni na kumaliza, au kushitaki ili mnunuzi alazimishwe kununua. Wanaosema "tukiondoka hasara yetu ni arbuni tu" wanasema linalotokea mara nyingi, si lililoandikwa.

Neno moja kwa wanaotafuta nyumba mpya kule Forney, Princeton na mitaa mingine inayojengwa kwa kasi: haya yote ni ya fomu ya TREC. Wajenzi wakubwa hutumia mikataba yao, iliyoandikwa na mawakili wao, na mara nyingi humo hamna opsheni kabisa. Amana huwa kubwa, na kile mnachoagiza kiongezwe, kama kaunta za mawe au sakafu bora, huenda mkakilipia kabla bila kurudishiwa. Tena muuzaji mzuri wa pale ofisini kwenye nyumba ya maonyesho hakuwakilishi wewe, hata akikukaribisha kwa kahawa. Mkataba wa aina hiyo mpelekee wakili wa nyumba aupitie kabla ya saini. Gharama yake ni ndogo kuliko amana.

Kwa nyumba yenu ya Garland, dada, Jumatatu asubuhi piga simu tatu: kampuni ya hatimiliki kuhusu risiti, mkopeshaji kuhusu msingi, na mhandisi uone kama anaweza kufika Jumanne kabla ya mchana. Akishindwa kufika, ombeni siku za ziada kwa maandishi. Saini ya muuzaji isipokuwepo saa 10 jioni, tuma taarifa ya kujitoa.